Tazama Miguu, Acha Saa

Kuna video inayozunguka kwenye simu za mafizio, wataalamu wa tiba ya viungo, kutoka Kitale hadi Bungoma. Mzee aliyeugua kiharusi amesimama kwa mguu mmoja, mikono kaitandaza, sekunde zinahesabiwa kwa sauti. Zikifika kumi, makofi. "Amesimama kama nguzo!" anashangilia mmoja. Kila ninapotumiwa tena hasira inazidi. Mzee amevaa viatu. Nyuma ya goti lake kuna ukingo wa kitanda, na goti limeuegemea. Kifua hakijapanda wala kushuka tangu hesabu ianze.

Nguzo haina msawazo. Imechimbiwa.

Mtu mzima wa afya akisimama huyumba, tena bila kukoma, kidogo kidogo kwenye vifundo. Mwendeshaji bodaboda anayepita taratibu katikati ya foleni ya magari hujua jambo hili: mikono yake haitulii kwenye usukani hata nukta moja, na akiikaza tu, yuko chini. Aliyejaa hofu ndiye anayejikaza. Misuli ya mbele na ya nyuma ya muundi huvuta kwa pamoja, kuyumba kunapungua, na mpimaji anaandika "vizuri sana". Watafiti wamewahi kuwapandisha watu wazima wasio na ugonjwa wowote juu ya jukwaa refu, wakaona hilo hilo: mwili unakakamaa, mayumbo yanakuwa madogo na ya haraka. Hao hawakuwa wamepata msawazo zaidi. Waliogopa.

Basi, miguu. Mvue mgonjwa viatu, umvue na soksi. Najua asubuhi za Kitale zina baridi na wazee huja na gambuti na soksi mbili mbili; ngoja. Kunja suruali hadi gotini. Kisha chuchumaa wewe mwenyewe, maana fizio anayepima msawazo akiwa kitini hajapima kitu. Tazama kano za juu ya wayo. Kwa mguu mzima zinatokeza na kuzama kwa zamu, hii ikija ile ikienda, kidole gumba kinabonyeza kinaachia, kisigino kimelala. Kwa mguu wenye hofu, vidole vyote vitano vimekunjika kuishika sakafu, kucha zimekuwa nyeupe, kano zimesimama zote kwa pamoja na haziondoki. Kuna na mguu wa tatu, huu ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote: mguu usiofanya lolote. Vidole vimelala tu, havina habari, huku kiuno kikirushwa mbele na nyuma kuokoa jahazi. Mara nyingi ni kisukari cha miaka. Watafiti Horak na Nashner walitenganisha kazi ya kifundo na kazi ya kiuno mwaka 1986, na kiuno kina mahali pake: juu ya ubao mwembamba, sawa. Kwenye sakafu pana, tambarare, kiuno kikifanya kazi hiyo ujue vifundo vimejiuzulu.

Kitale palikuwa na fizio mmoja wa zamani, marehemu sasa, ambaye hakuwa akimtazama mgonjwa usoni kabisa wakati wa kupima. Uso una adabu, alisema. Utakuchekea hata unapoanguka. Alikuwa akichuchumaa kwenye ile sakafu ya saruji nyekundu (siku hizi ni vigae vinavyong'aa, na wagonjwa wanavikanyaga kama wanaoiba) na kuuliza kwa upole, "Kukhu, gunia la mahindi ni pesa ngapi mwaka huu?" Kukhu, yaani bibi kwa Kibukusu, anajibu vizuri, bei zote anazo. Lakini katikati ya jibu vidole vinakamata sakafu, au wayo unatafuta mahali pengine pa kukaa. Hapo fizio ananyanyuka, ameshamaliza. Waswidi walichapisha jambo la jamii hiyo katika jarida la Lancet mwaka 1997: wazee wanaosimama wakisemeshwa huku wanatembea ndio waliokuja kuanguka zaidi. Fizio yule sidhani kama aliwahi kusoma makala hiyo.

Wadanganyifu nao wapo. Namfahamu mmoja ambaye wagonjwa wake wote walikuwa wakipata alama 50 na zaidi kwenye Berg, kipimo cha msawazo. Siri yake ilikuwa vidole viwili, alivyoshikia shati la mgonjwa kwa nyuma "kwa usalama". Jeka na Lackner walikwisha onyesha mwaka 1994 kwamba ncha ya kidole ikigusa kitu kwa wepesi tu, mguso usioweza kumzuia mtu asianguke, mayumbo hupungua. Mwili hauhitaji kushikwa. Unahitaji kupewa habari. Simama karibu, mikono wazi, usiguse. Na anayemwita kila mwenye kuyumba "Romberg chanya" bila kumfumbisha macho, huyo sina muda naye.

Berg siichukii. Vipengele 14, alama 56, kazi safi ya mwaka 1989. Lakini haimtembezi mgonjwa hata mita moja, na mwenye 48 anaweza kurudi kwenye matope ya mteremko wa Elgon akavunjika nyonga wiki hiyo hiyo.

Ningependa kila mwanafunzi wa fizio apelekwe soko la Chwele asubuhi, akae chini, awatazame akina mama wenye mizigo kichwani kuanzia kwenye nyayo kwenda juu. Maloiy na wenzake waliwapima wanawake wa Kenya, wakaripoti katika Nature mwaka 1986 kwamba hubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu ya ziada. Kichwa kimetulia kwa sababu huku chini hakujatulia. Mimi mama akiniambia amepona, namtwika ngata na kibuyu cha maji nusu. Hakuna karatasi inayoniambia nifanye hivyo.

Mwisho ni kugeuka. Kwenye TUG, kipimo cha kuinuka kitini, kutembea, kugeuka na kurudi kuketi, wote wanaangalia saa. Mimi saa namwachia mwanafunzi, nahesabu hatua za kugeuka. Tatu, nne, nimeridhika. Zikifika saba, shingo na mabega na kiuno vikizunguka kwa pamoja, naacha kupima na kumuuliza aliyemleta choo kiko umbali gani na nyumba. Wakisema kiko nyuma ya boma la ng'ombe na njia haina taa, siweki sahihi ya kumruhusu kwenda nyumbani, hata kama Berg yake ni 52 na gari la kumchukua liko nje linanguruma.