Siku Moja Brugge: Mguu Umerudi Melini, Moyo Umegoma

Jamani, jamani! Niwieni radhi kwa makelele, ila nimerudi sasa hivi na hata viatu sijavua.

Meli yetu ilifunga gati Zeebrugge asubuhi, na nusu ya abiria wakabaki kwenye bwawa la kuogelea. Shauri yao! Sisi tulipanda basi la bandarini, kisha treni kwa robo saa hivi, mara tuko Brugge, Ubelgiji: mji wa mifereji uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000.

Anza na boti. Nusu saa tu, lakini nusu saa gani hiyo! Nahodha anapiga kelele, "Vichwa!", wote mnainama, na daraja la mawe linapita juu ya utosi, karibu kiasi kwamba unasikia ubaridi wa kuvu yake. Nyumba za matofali zimesimama majini kabisa, kuta zimelowa hadi magotini. Kwenye kona ya Rozenhoedkaai boti nzima ilinyamaza, simu zote juu.

Halafu mnara wa Belfort: mita 83, ngazi 366! Kadiri unavyopanda ndivyo zinavyobana, hadi unajivuta kwa kamba. Nilipokaribia juu, kengele zikalia. Ziko 47, nami niko chini yake tu. Kifua kilitetemeka kama ngozi ya ngoma.

Na huko juu ndipo nilipouelewa mji. Bahari iko mbali! Zamani mkono wa bahari uitwao Zwin ulileta biashara karibu na hapa. Mchanga ukauziba, wafanyabiashara wakahamia Antwerpen. Brugge ikafukarika, na fukara habomoi nyumba ili ajenge mpya. Umaskini ndio uliotutunzia uzuri huu wote! Mimi mtu wa pwani, niliyezoea kuona nyumba za kale zikipisha maghorofa, nilikaa kimya kidogo.

Usiondoke bila kuingia kanisa la Onze-Lieve-Vrouwekerk. Mle mna sanamu ya Bikira Maria na Mwana, kazi ya Michelangelo, marumaru nyeupe, ndogo kuliko nilivyotarajia, na nzuri mara kumi. Wanajeshi wa Ujerumani waliiiba mwaka 1944. Ikakutwa kwenye mgodi wa chumvi huko Austria. Leo mtoto kashika vidole vya mama yake kana kwamba hawajawahi kutoka hapo.

Chakula? Chipsi za vibandani chini ya Belfort, moto moto, mayonezi juu. Sina la kuongeza.

Kasoro? Barabara za mawe zitakunyoosha ukivaa visigino, na mchana uwanja wa Markt hauna pa kutema mate. Ila kasoro kubwa ni saa: meli ilituita jioni, taa za mifereji ndiyo kwanza zinawaka.

Nitarudi. Kwa treni, nilale hapo hapo.