Heko kwa Wapiga Mbiu wa Mvua

Kabla ya kutangaza utabiri wa masika au vuli, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hukaa kwanza na wanahabari katika warsha. Wataalamu hufafanua maana ya mvua za "wastani" na "juu ya wastani", nao wanahabari huuliza hadi waelewe. Wakitoka hapo, wanaweza kumfikishia mkulima habari ile kwa lugha anayoitumia shambani.

Uhusiano huo hujengwa wakati wa utulivu, matunda yake yakaonekana wakati wa dhoruba. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoisogelea pwani yetu, TMA ilitoa taarifa mara kwa mara, na vyombo vya habari vikazisambaza kwa wavuvi na wakazi wa pwani. Palipo na chanzo cha kuaminika, uvumi hukosa pa kuota mizizi.

Taasisi nyingi humkumbuka mwandishi siku ya sherehe, kisha humfungia mlango siku ya doa. Hawa wa TMA wamechagua kumwelimisha kabla hawajamhitaji. Wanastahili pongezi, wengine na waige.