Majina ya Vyombo vya Darasani

Mtoto aambiwapo alete kifutio hahitaji kufafanuliwa: kitenzi futa kimekwisha kumwonyesha kazi yake. Ubao nao ni neno la seremala lililopewa kazi mpya ukutani, na likazoeleka. Majina ya mashine zilizokuja baadaye hayakubahatika hivyo. Tanzania watu husema kompyuta. Vitabu vya Kenya vikashika tarakilishi, neno litangazalo tarakimu, hali wanafunzi huitumia mashine hiyo kwa kusoma na kuandika pia. Baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu Tanzania viligawiwa walimu. Katika jina hilo twasikia shika, lakini sehemu iliyobaki haimwelezi mtoto lolote. Na kitabu nacho hushikwa.

Kuunda istilahi ni kazi njema, bali yafaa kila moja ijaribiwe kwanza na walimu mbele ya wanafunzi wao, katika nchi zote mbili, kabla ya kutiwa kamusini. La sivyo, mtoto wa Arusha na mtoto wa Voi watasoma lugha moja katika vitabu visivyopatana juu ya chombo kimoja.