Ufundi wa Kumuuliza Mzee

Bibi wa Soweto, pale Mbeya, haji zahanati kusema ana sonona. Anakuja kusema mgongo unawaka moto, usingizi unakatika saa nane za usiku, na ugali hauna ladha. Mhudumu mwenye haraka atamwandikia dawa ya maumivu na kumwita anayefuata. Mhudumu fundi atasogeza kiti karibu. Ufundi huo nauheshimu kama ninavyomheshimu seremala anayeujua mti kwa kuugonga tu.

Anaanza na shikamoo, wala haikimbizi. Anaulizia wajukuu, viazi, mvua. Huo ni uchunguzi tayari: anapima kama sikio linasikia na kumbukumbu imesimama, maana uziwi na usahaulifu huweza kuonekana kama sonona, na sonona nayo huonekana kama usahaulifu. Halafu anamgeukia mkwe aliyemleta bibi: "Mama, tupishe kidogo." Mkwe akishatoka, mengi husemwa ambayo yasingesemwa mbele yake.

Ndipo dodoso linapotolewa. PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams, ina maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla ikifika 10 mgonjwa anahitaji kuchunguzwa zaidi. Kwenye karatasi dodoso hili ni jepesi. Lakini bibi hahesabu maisha yake kwa wiki mbili. Fundi anamwambia, "Tangu ile Jumapili ya harambee kanisani," na hapo bibi anajua anaulizwa nini.

Swali la tisa ndilo linalopima mikono ya fundi: linauliza juu ya kutamani kufa au kujidhuru. Wazee wetu wengi hujibu, "Namsubiri Mungu tu anichukue." Huenda ni imani ya mtu aliyemaliza safari kwa amani, na huenda ni kilio. Anayejaza alama upesi atakosea huku au kule. Fundi anauliza taratibu: "Bibi, uko tayari akikuita, au kuna siku unatamani kuondoka mwenyewe?" Kisha ananyamaza. Hamsaidii kujibu, hatazami saa. Sijaona kazi ngumu kuliko kunyamaza huko wakati foleni imejaa korido. Jibu likiwa la hatari, bibi haachwi arudi nyumbani peke yake.

Watafiti wenyewe wameisumbukia kazi hii. Jerome Yesavage na wenzake, katika kipimo chao cha sonona ya wazee cha mwaka 1983, waliacha makusudi maswali ya mwili, kwa kuwa uzeeni kila kiungo kinauma hata kwa mwenye furaha. Hoja yao ina nguvu. Ila kwetu mzee husema huzuni yake kwa mgongo na kifua, na ukiifunga njia hiyo huenda usimsikie kabisa. Ndiyo maana naithamini kazi ya Profesa Sylvia Kaaya na wenzake, waliotoa mwaka 2008 kipimo cha maswali 19 kilichotengenezwa Tanzania.

Alama ikishapatikana, dawa haikimbiliwi. Amitriptilini, dawa ya sonona, huweza kumshushia mzee presha anaposimama, akaanguka na kuvunjika nyonga. Humzuia mkojo na kumchanganya akili. Fundi anapima damu na presha kwanza, anakagua dawa nyingine anazomeza bibi, anauliza amefiwa na nani, nani anakula naye jioni.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60, na vituo vingi vina dirisha lake. Dirisha bila muda halitoshi. Waganga wafawidhi, mpeni mhudumu huyu chumba chenye mlango na dakika ishirini kwa kila mzee. Nawe uliyemsindikiza bibi, ukiombwa kupisha, toka bila kununa, na ukirudi usimuulize amesema nini.