Pindo la mlango wa Land Cruiser

Ukiletewa Land Cruiser ya zamani hapa Kamanyola, ile ya safu ya 40 ambayo Toyota iliitengeneza kuanzia 1960 hadi 1984, usianze kusifu rangi. Kwenye mlango uliobadilishwa bati, rangi ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Ufundi uko chini, kwenye pindo, pale bati la nje linapokunjwa kuikumbatia fremu.

Milango ya kukagua haikosekani huku. Kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, njia ni nyembamba, na lori likikukabili unajibanza ukutani. Ukishuka bondeni kwa Ruzizi, vumbi la kiangazi linaingia mlangoni, mvua inalilowesha, na tope linatulia chini mpaka bati litoboke kutoka ndani. Kwa hiyo milango ya gari hili huoza chini kwanza, hata kama haijawahi kugongwa.

Uliza bati limetoka wapi. Mlango wa safu ya 40 hauna mikunjo mingi, na fundi mzuri anaweza kulikata na kulikunja bati jipya mwenyewe. Mimi nalipendelea hilo kuliko mlango mkuukuu uliopakwa rangi juu ya kutu. Unene uwe karibu na milimita moja. Bati la kuezekea nyumba likatae kabisa: ni jembamba, na zinki yake ikichomelewa inatoa moshi unaomdhuru fundi.

Fundi anayejua hang'oi bati la zamani kwa tindo. Anasaga ukingo wa pindo tu, tabaka la nje liachane, bila kuila fremu. Kisha anaisugua fremu kutu yote itoke na kuipaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuifunika. Nenda ukaone siku hiyo, maana bati jipya likishakaa, hutaona tena.

Pindo lenyewe halilazwi kwa mzunguko mmoja. Nyundo inapita taratibu, ukingo mzima, bati likiinama nusu. Inarudi, inapita tena, hadi lilale. Upande wa nje fundi anashikilia kipande cha chuma laini ili bati lisibonyee. Sasa pitisha kidole chini ya mlango, kutoka kona ya mbele hadi ya nyuma. Upana uwe uleule, bila mawimbi wala makovu ya nyundo. Tulia kwenye kona, kwa sababu hapo bati hujikusanya na mwenye haraka huliponda tu. Ukiona mstari mrefu wa kuchomelea, jua joto limeshalipinda bati na mastiki imelainisha uso. Nukta chache zinatosha, na gundi ya kuziba ifuate pindo lote.

Mastiki utaibaini kwa sumaku iliyofungwa kitambaa: inaposhika kwa uzito sehemu moja na kuteleza nyingine, pana tabaka nene. Kwa Land Rover za Series sumaku haisaidii, kwani bati la nje ni aloi ya alumini juu ya fremu ya chuma. Huko angalia kama fundi ameweka kitu cha kutenganisha metali hizo mbili. Zikigusana kwenye unyevu, alumini inaliwa.

Mwanya kati ya mlango na nguzo uwe sawa juu na chini. Mlango ukihitaji kuinuliwa kidogo ndipo ufunge, chunguza bawaba kabla ya kulilaumu bati.

Mwisho, matundu ya kutolea maji. Mafundi wengi huyaziba kwa gundi bila kujua. Shusha kioo, mimina maji kidogo kwenye mfereji wake, kisha chuchumaa: yadondoke chini mara moja. Yakikawia, mlango urudi gereji kabla hujalipa salio.