Ziwa Kama Njia ya Posa: Takawiri na Upungufu wa Uhakiki wa Mila

Uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki umezoea kuitazama ndoa ya zamani kwa macho ya mtu wa nchi kavu. Mshenga huenda kwa miguu, ng'ombe wa mahari huswagwa njiani, na bibi arusi husindikizwa na shangazi zake mpaka kwenye ua wa wakwe. Picha hiyo ni ya haki kwa sehemu kubwa ya bara. Hata hivyo, haitoshi kwa jamii ambazo baina ya nyumba ya binti na nyumba ya mumewe yalikuwapo maji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upungufu huo si wa kijiografia tu. Umewafanya wahakiki wazisome vibaya baadhi ya kazi za fasihi ya Nyanza, na umesaidia kuwatwika maarusi wa zamani lawama isiyokuwa yao, yaani kufifia kwa lugha ya Kisuba.

Takawiri ni kisiwa kidogo kilichoko baina ya Rusinga na Mfangano, katika sehemu ya Ziwa Victoria ambayo leo imo katika Kaunti ya Homa Bay. Kaida ya Waluo, kama ile ya Wasuba, ilimkataza mtu kuoa katika ukoo wake. Kwa kuwa kisiwa kidogo hukaliwa na koo chache, kutafuta mchumba aghalabu kulikuwa ni kuvuka maji. Chombo kilikuwa mtumbwi wa mbao zilizoshonwa, wa namna iliyojulikana tangu Buganda hadi Nyanza, nao uliendeshwa kwa makafi. Tanga la pembe tatu, ambalo asili yake ni ubaharia wa pwani ya Bahari ya Hindi, lilienea ziwani baadaye.

Safari ya namna hiyo ilikuwa na sheria zake. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Mchana hugeuka, ukatoka ziwani kuelekea nchi kavu. Anayetoka bara kwenda kisiwani husaidiwa na upepo wa alfajiri, na anayetoka kisiwani kwenda bara husaidiwa na ule wa mchana. Makafi hupunguza utumwa huo lakini hayauondoi. Kwa hiyo mposaji aliyevuka mchana hakuwa na sababu ya kuharakisha maneno yake, maana upepo wa kumrudisha ulikuwa haujavuma. Kulala ugenini, kula kwa wakwe watarajiwa na kutazamwa tabia usiku kucha kulikuwa ni matokeo ya hali ya hewa kabla ya kuwa adabu.

Jambo hili si geni duniani. Katika nchi za kaskazini ya Ulaya, kama vile Finland na Sweden, majira ya baridi ndiyo yaliyorahisisha matembezi ya mbali: maziwa yaliganda, na sleji zikapita mahali ambapo wakati wa joto palihitaji mashua. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali hivyo. Anajua kwamba wafanyabiashara wa Oman na Ghuba walishuka pwani na kaskazi na kurejea na kusi, na kwamba miezi ya kungojea upepo ilizaa ndoa nyingi Lamu, Mombasa na Unguja. Kote huko, majira ya safari yalipanga majira ya posa. Lililo la ajabu ni kwamba mtazamo huu, uliokubaliwa zamani kuhusu bahari, haujapewa nafasi kuhusu ziwa.

Sababu ya kwanza imo katika maandishi yenyewe ya mila. Kitabu cha Paul Mboya, *Luo Kitgi gi Timbegi*, kilichotoka mwaka 1938, ndicho msingi wa maandishi ya mila kwa Dholuo. Mboya, aliyekuwa chifu huko Karachuonyo, aliwaandikia Waluo juu ya Waluo, na kazi yake inastahili heshima. Kaida za ndoa ya Kiluo zinajulikana sana: *siwindhe*, nyumba ya bibi ambamo wasichana walilala na kufunzwa, *simba*, nyumba ya kijana ambaye hajaoa, *jagam*, mshenga aliyechunguza koo mbili, na *meko*, kuchukuliwa kwa bibi arusi na vijana wa upande wa mume, kwa vuta-nikuvute iliyotakiwa na desturi. Kosa ni la wasomaji wa baadaye waliozichukua kaida hizi zikiwa zimekamilika, wakazipeleka visiwani bila kuuliza zilibadilika vipi zilipofika majini. *Meko* iliyoishia kwenye mtumbwi haiwezi kuwa na maana ileile na *meko* ya njia ya miguu. Binti akishapanda chombo hana kichaka cha kukimbilia, na ndugu zake waliobaki ufukoni hawawezi kumfuata ila nao wawe na chombo.

Sababu ya pili imo katika fasihi, na hasa katika namna kazi za Grace Ogot zinavyosomwa. Ogot hakuwa mgeni wa ziwa. Alizaliwa mwaka 1930 Asembo, kando ya maji hayohayo. Katika hadithi yake mashuhuri "The Rain Came", iliyomo katika *Land Without Thunder* (1968), Oganda, binti wa mtawala Labong'o, anadhani wazee wanajadili posa yake, kumbe wanajadili kufa kwake. Ukame umezidi, na mganga ametangaza kwamba binti huyo atolewe kafara kwa zimwi la ziwani. Anasindikizwa kwa nyimbo na kwa baraka, kisha anaachwa aende peke yake. Osinda, mpenzi wake, anamfikia na kumwokoa, wanatoroka pamoja, na mvua inanyesha.

Wahakiki wengi huiona hadithi hii kuwa mgogoro wa mtu binafsi na jamii, au wa mapenzi na wajibu. Ni kweli. Lakini fani yake ina jambo jingine: safari ya Oganda imejengwa juu ya kiunzi cha safari ya arusi. Yamo mazungumzo ya siri ya wazee, yamo maagano na mama, zimo nyimbo, umo mwendo wa kuondoka nyumbani moja kwa moja. Kitisho cha hadithi kinatokana na kufanana huko. Bwana arusi amekuwa zimwi, na nyumba ya mume imekuwa maji.

Kwa msomaji wa bara, ziwa hapa ni mwisho wa njia. Msomaji wa Takawiri atalisoma vingine. Kwake yeye, binti anayetembea kuelekea ufukoni ni jambo la kila msimu wa arusi, na lililo la kutisha ni kwamba hakuna mtumbwi unaomngojea. Hadithi haipungui nguvu kwa usomaji huo, bali inaongezeka. Hata hivyo usomaji huu haupatikani kwa mhakiki anayedhani kwamba maji, katika mila, ni makao ya mazimwi tu.

Mwelekeo huo unaonekana pia katika *The Promised Land* (1966). Ochola na mkewe Nyapol wanaihama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Mke hapendi kuhama, na ugenini mume anapatwa na maradhi yanayowalazimisha kurudi. Ng'ambo inakuwa mahali pa kupotelea. Katika *Miaha* (1983), riwaya aliyoiandika kwa Dholuo, bibi arusi Nyawir anavunja mwiko wa jembe, na tangu hapo kazi ya kulima inakuwa juu ya binadamu. Hapo kila kitu ni udongo. Mwandishi ana haki kamili ya kuchagua mandhari yake, wala hadithi si shahidi mahakamani. Mwenye kulaumiwa ni mhakiki anayeichukua hadithi moja kuwa ushahidi wa mila ya ziwa zima.

*Miaha* inafungua swali kubwa zaidi. Riwaya hiyo ilifasiriwa kwa Kiingereza na Okoth Okombo mwaka 1989, ikaitwa *The Strange Bride*. Mwaka 1992 mwanaisimu huyohuyo, pamoja na Franz Rottland, alichapisha uchunguzi wa namna Wasuba walivyokihama Kisuba na kushika Dholuo. Mfasiri wa habari za bibi arusi aliyebadili mwenendo wa dunia alikuwa pia mchunguzi wa visiwa ambako, kwa maelezo yanayorudiwa mara nyingi, maarusi walibadili lugha.

Historia yenyewe inajulikana. Mababu wa Wasuba, kama alivyoonyesha Henry Ayot katika kitabu chake cha mwaka 1979, walitoka upande wa Buganda na Busoga kuanzia karne ya 18, wakakaa Mfangano, Rusinga na pwani za jirani. Lugha yao ilikuwa ya Kibantu. Waliishi jirani na Waluo, wakaoana nao, na baada ya vizazi kadhaa Dholuo kikawa lugha ya nyumbani kwa wengi wao. Tom Mboya, aliyezikwa Rusinga mwaka 1969, alikuwa wa asili hiyo, ingawa siasa za Kenya zilimjua kuwa Mluo. Maelezo ya kawaida ya mabadiliko haya ni mepesi: wanaume wa Kisuba walioa wanawake wa Kiluo, mama akamlea mtoto kwa lugha yake, na Kisuba kikafifia.

Mhakiki anayelitazama ziwa kuwa njia hawezi kuridhika na maelezo hayo. Njia ina pande mbili. Mitumbwi iliyowaleta maarusi wa Kiluo visiwani ndiyo iliyowapeleka binti za visiwani bara, nao pia walizaa na kulea. Kama lugha ya mama ingekuwa ndiyo sababu peke yake, vijiji vya bara vilivyooa Wasuba vingalisikika vikisema Kisuba. Havikusema. Basi lazima pawe na nguvu nyingine iliyoipa lugha moja haki ya kuvuka na kuinyima nyingine. Wingi wa Waluo ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni kwamba wakati wa ukoloni shule, kanisa na baraza la chifu viliendeshwa kwa Dholuo, kikawa lugha ya kusoma na ya kupata haki. Bibi arusi alileta lugha yake kisiwani kama kila bibi arusi anavyofanya. Waliomzuia mtoto wake asiirudie lugha ya baba walikuwa wengine, na hawakuja kwa mtumbwi wa posa.

Hoja hii inawagusa wataalamu wa Kiswahili moja kwa moja. Kiswahili nacho kimefika visiwani, kikiwa na shule, redio na serikali nyuma yake, na kinaweza kurudia historia hiyohiyo kwa Kisuba na kwa Dholuo pia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaiagiza dola ikuze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Mfangano ina makumbusho ya jamii ya Abasuba. Zinazohitajika sasa ni kazi mbili za idara za lugha. Ya kwanza ni kukusanya msamiati wa mtumbwi, wa upepo na wa posa kutoka kwa wazee wa Takawiri, Mfangano na pwani ya Migori kabla haujapotea, ukiandikwa kwa Kisuba kwanza, kisha kwa lugha nyingine. Ya pili ni kuwafundisha wanafunzi "The Rain Came" na *Miaha* pamoja na ushahidi huo, ili wajifunze kuuliza, kila wanaposoma habari za binti anayeelekea ziwani, kama msimulizi amesimama bara au kisiwani.