Gundi ya Mgunga, Fahali wa Nayece

Rangi ya maji haishiki karatasi bila gundi. Saga udongo mwekundu utakavyo, unga wake mkavu hupeperuka kwa pumzi moja. Kinachoufunga ni utomvu wa mgunga uliolainishwa kwa maji. Mgunga huo ndio Waturkana wauitao ekunoit, na watoto wachungao mbuzi huutafuna utomvu wake kama peremende. Arthur Rackham alipozichorea ngano za ndugu Grimm mwaka 1909, na Edmund Dulac hadithi za Andersen mwaka 1911, Ulaya ilikuwa ikinunua gundi hiyo hasa kutoka Sudan. Misitu yao yenye ukungu imeshikwa na jasho la mti wa jangwani.

Nawapenda sana wachoraji hao, na kwa kuwapenda natamani ufundi wao urudi kwenye mti wake, umchore Nayece.

Wazee husimulia kwamba fahali wa kijivu, Engiro, aliwapotea Wajie huko Karamoja. Vijana wakafuata nyayo zake wakishuka bonde la Tarach, hadi wakamkuta ajuza, Nayece, akichuma matunda ya porini, na fahali yuko naye, ametulia. Ajuza akawaonyesha nchi. Wakarudi kuwaita wenzao waje na mifugo, na hao ndio wakawa Waturkana. Tarach ni laga, mto wa msimu, nayo hupita Kakuma, kando ya kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Watoto waliokuja na ngano za Sudan Kusini, Somalia na Kongo huuvuka mchanga wa hadithi hii.

Rangi ya maji yaufaa mchanga huo. Mchoraji wa aina hii hapaki nyeupe. Nyeupe yake ni karatasi yenyewe, aliyoiacha. Jua la Turkana, basi, huchorwa kwa kutoligusa. Kazi ngumu ni fahali. Kijivu chake nakichanganya kwa samawati na hudhurungi yenye maji mengi, ili mgongo uwe na joto na kivuli cha tumbo kiwe baridi. Mjini Lodwar, ikifika saa nne asubuhi, rangi hukauka kabla brashi haijafika mkiani, ikaacha michirizi mikali kama nyufa za tope. Kwa hiyo naanza alfajiri, karatasi nimeilowesha pande zote mbili, upepo ungali umelala.

Uso wa Nayece siuchori. Msimulizi hasemi macho yake yalikuwaje, na kila asikilizaye amekwisha kumpa uso wa bibi yake. Namwinamisha kwenye kichaka, nampa shanga shingoni kwa ncha ya brashi ndogo, na mkono mmoja umenyooka nyuma. Kati ya vidole vyake na pembe ya Engiro naiacha karatasi wazi, upana wa punje ya mtama.